Jinsi ya Kununua Kipande cha Roketi Kindu, kwa Asiyejua Kitu

Huna haja ya kwenda Florida. Kumbukumbu za safari za anga zipo hata Kindu, mashariki mwa Kongo, au angalau wapo watu watakaokuambia zipo, na katika biashara hii mambo hayo mawili hayana tofauti kubwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe mgeni mwenye dola chache, muda mwingi, na imani kwamba una jicho la kutambua kitu halisi. Imani hiyo usiisahau hotelini. Bila hiyo soko halifunguki.

Kwanza, jua unachotafuta. Watu wengi husema Zaire, kama Kongo ilivyoitwa enzi za rais Mobutu, haikuwahi kuwa na roketi, na hapo ndipo wanapopoteza heshima mbele ya wazee. Katikati ya miaka ya 1970, kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser, ilipewa na Mobutu eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 kaskazini mwa Katanga, mkoa uliokuwa ukiitwa Shaba siku hizo, na mkataba ulikuwa wa kufika mwaka 2000. Ukitaka kuuelewa ukubwa huo, chukua Maniema nzima, mkoa huu wa Kindu, igawe vipande vinne, halafu uchukue vitatu. Roketi ya kwanza iliruka Mei 1977 kutoka kwenye uwanda ulioinuka juu ya bonde la mto Luvua. Ya pili iliruka Mei 1978. Ya tatu ilirushwa Juni 1978, Mobutu mwenyewe akiwa amekaa anatazama. Ilipaa kidogo, ikayumba, ikageuka, ikaanguka bondeni. Aprili 1979 Mobutu akaamuru kazi isimame, na kampuni ikahamia Libya. Hayo ndiyo yote: miaka miwili, roketi tatu. Kariri vizuri. Tahadhari: vipande utakavyoonyeshwa sokoni vinatosha kuunda roketi ya kila mwaka tangu hapo hadi leo. Usijumlishe.

Pili, jifunze njia. Uwanja wa roketi ulikuwa mbali huko, upande wa Manono, na wewe uko Kindu. Uliza kitu kilifikaje, hakuna atakayekasirika. Jibu liko tayari na kijiografia halina kasoro. Luvua hutoka ziwa Mweru, huingia Lualaba pale Ankoro, na Lualaba ndio huu unaouona ukipita kati ya mji na Alunguli, umejaa mitumbwi. Muuzaji asiyependa habari za maji atakutajia reli: Kabalo, Kongolo, Kibombo, Kindu. Itikia kila kituo kwa kichwa, kama mtu aliyewahi kuisubiri treni hiyo. Ukitaka kuonekana msomi, sema kwamba mji huu wakati wa Wabelgiji uliitwa Kindu-Port-Empain, jina la baroni ambaye kampuni yake ilijenga reli hiyo hiyo, na ambaye naye alipewa ardhi kubwa pamoja na reli. Muuzaji atakubali haraka, kwa kuwa habari hiyo haimgharimu kitu. Tahadhari: chini kidogo ya Kongolo mto hubanwa na miamba mahali Wabelgiji walipopaita Milango ya Jehanamu, na bomba la chuma halielei. Ukilikumbuka hilo, likumbuke kimoyomoyo.

Tatu, salimia. Usianze na bei, wala usianze na roketi. Anza na hali, na nyumba, na watoto, na mvua. Mwite papa; kama umri hauruhusu, mwite yaya, yaani kaka au dada mkubwa. Kisha angalia vilivyo mbele yako: viatu vya mitumba, sufuria, betri za redio, tairi za baiskeli, shoka lisilo na mpini. Roketi haikai mbele. Kitu cha thamani hukaa nyuma, chini ya turubai, na huja tu baada ya wewe kusema huna haraka. Kitakapotolewa utaambiwa sentensi moja nayo ni hii: hiki hakiuzwi. Ipokee kwa furaha. Ni ishara kwamba biashara imeanza. Mara moja utasikia na habari za mjomba. Mjomba alikuwa mlinzi wa Wajerumani. Au dereva wao. Au alipika chakula chao, na siku ya kuondoka Mjerumani alimshika mkono na kumwachia kitu hiki. Katika mji wote kuna mjomba mmoja tu kwa kila kipande, na kila mjomba amekwishafariki. Tahadhari: habari za mjomba haziulizwi maswali. Uliza bei, uliza uzito, uliza njia. Ukiuliza jina la mjomba, turubai linarudi mahali pake.

Nne, kagua kitu chenyewe, na hapa jikaze, maana ndipo elimu yako itakapokuponza. Umezoea kuona picha za vyombo vya anga vinavyong'aa. Wazo la Kayser lilikuwa kinyume cha hayo. Alitaka roketi ya bei rahisi, iliyofungwa kwa mabomba mengi yanayofanana, kila moja likiwa na kipenyo cha sentimita 27, yakikusanywa pamoja kama mzigo wa kuni. Mabomba yenyewe hayakuwa ya ajabu. Ni aina unayoweza kuagiza kwa mtengenezaji wa mabomba ya kawaida. Fueli haikuwa hidrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika bali mafuta ya taa au dizeli, yakiunguzwa kwa asidi ya nitriki. Na vali za kupitishia fueli hiyo zilifunguliwa na kufungwa kwa mota za waipa, zile zile zinazofuta mvua kwenye kioo cha gari. Soma tena sentensi hiyo, kisha urudi kwenye meza ya muuzaji. Ameweka mota ya waipa. Imeshika kutu, waya mbili zimekatika, imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Inawezekana ilifungua vali siku Mobutu alipokuwa akitazama. Inawezekana ilitoka kwenye lori lililolala njia ya Kasongo. Hakuna fundi duniani atakayekutofautishia, kwa kuwa hakuna tofauti. Tahadhari: hiki ndicho kitu pekee cha anga ambacho kadiri kinavyofanana na takataka ndivyo kinavyozidi kuaminika. Muuzaji analijua hilo. Ndiyo maana hakukisafisha.

Tano, tafuta historia. Wanunuzi wote husema wanapenda historia. Wanachopenda hasa ni historia fupi. Wewe jifanye mwanagenzi mwenye bidii, uifuate hadi ndani. Utakuta mwenyekiti wa bodi ya usimamizi ya OTRAG alikuwa Kurt Debus, aliyekiongoza kituo cha Kennedy cha NASA huko Florida hadi 1974, wakati Wamarekani wanakwenda mwezini. Jina zuri hilo. Muuzaji akilisikia bei inapanda. Sasa endelea kurudi nyuma. Kabla ya Florida, Debus alikuwa Peenemünde, Ujerumani ya Hitler, katika kazi ya roketi ya V-2, ile iliyoanguka juu ya London na Antwerp, na iliyoundwa katika mahandaki na wafungwa wa kambi ambao maelfu yao hawakutoka hai. Rudi tena mbele, hadi Luvua. Mkataba uliipa kampuni usemi juu ya nani aingie katika eneo lile na nani atoke, na eneo lile halikuwa tupu. Lilikuwa na vijiji, mashamba na makaburi. Mwaka 1977 na tena 1978 wapiganaji waliotokea Angola waliingia Shaba, na vita vikapiganwa huku kampuni ikipimia upepo wa kurushia roketi. Wasovieti wakasema hayo si maroketi ya satelaiti bali makombora ya Wajerumani. Jirani wakaingiwa na hofu. Serikali ya Ujerumani Magharibi, huko Bonn, ikaona aibu. Na mwishowe Mobutu, ambaye hakuwa mtu wa kuogopa maneno ya jirani, akaona faida imekuwa ndogo kuliko kelele. Hiyo ndiyo historia ya bomba uliloshika mkononi. Tahadhari: usimsomee muuzaji hayo yote. Atakusikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha atakuuliza kama hayo yanapunguza bei au yanaongeza, na utagundua hukuwa umejiandaa kwa swali hilo.

Sita, dai cheti. Wazungu wana vyeti. Na wewe udai. Kindu karatasi hupatikana haraka kuliko bidhaa yenyewe. Utaletewa moja iliyopigwa chapa kwenye kibanda cha fotokopi, yenye mihuri miwili inayoingiliana, sahihi inayopanda juu kulia, na maneno yanayothibitisha kwamba mwenye karatasi hii ana kitu hiki. Usicheke. Cheti cha namna hiyo kimewahi kuwashinda wakubwa kuliko wewe. Oktoba 1969 wanaanga wa Apollo 11 walizunguka dunia kwa ndege wakisalimia marais na wafalme. Wakapita Uholanzi, na mwezi huo huo wakapita Kinshasa. Huko Uholanzi, wakati wa ziara hiyo, balozi wa Marekani alimkabidhi waziri mkuu mstaafu, Willem Drees, kijiwe chenye kadi ya heshima. Mzee alipofariki kijiwe kikaingia Rijksmuseum, jumba la makumbusho lenye wataalamu wa kila kitu, kikahesabiwa kuwa jiwe la mwezini. Mwaka 2009 kilipimwa. Kilikuwa kipande cha mti uliogeuka jiwe. Upande wa pili, mwaka 2015 mwanamke mmoja wa Marekani alinunua kwenye mnada wa serikali, kwa dola 995, mfuko mdogo wa kitambaa uliokuwa na vumbi. Ukapimwa: vumbi la mwezini, mfuko wa Apollo 11 wenyewe, uliopotea njia kwa sababu mkuu wa jumba moja la makumbusho huko Kansas alikuwa akiuza vitu visivyokuwa vyake. NASA ikaudai, ikashindwa mahakamani, na mwaka 2017 mfuko ukauzwa New York kwa dola milioni 1.8. Basi: chenye kadi kilikuwa mti, na kisicho na kadi kilikuwa mwezi. Tahadhari: somo hili ni kubwa, na kila mnunuzi analisoma kwamba yeye ni yule mwanamke. Hakuna aliyewahi kulisoma kwamba yeye ni Rijksmuseum.

Saba, soma sheria, walau kwa heshima. Mkataba wa kimataifa wa 1967 kuhusu anga unasema kitu kilichorushwa angani hakiachi kuwa mali ya mwenyewe kwa sababu ya kwenda huko, wala kwa sababu ya kurudi na kuanguka kwako. Wakenya walikumbushwa hayo Desemba 2024, pete ya chuma yenye uzito wa kilo zipatazo 500 ilipoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Watu waliikuta, wakaizunguka, wakapiga picha; kisha Shirika la Anga la Kenya likaja kuichukua. Hakuna aliyeachiwa hata parafujo. Sasa pima bomba lako kwa kipimo hicho. Anga huhesabiwa kuanzia karibu kilomita 100 juu, na hakuna roketi ya Luvua iliyokaribia huko. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi: kama kipande chako kilifika angani, si chako; na kama hakikufika, si cha anga. Ni bomba lililojaribu. Tahadhari: hesabu hii isifanyike mbele ya mke, mume, wala mtu uliyemkopa hela.

Nane, lipa. Utataja bei yako, atataja yake, mtakutana karibu zaidi na yake. Toa dola. Sasa tulia ushuhudie ukaguzi wa kweli, ule ambao wewe ulipaswa kuufanya saa mbili zilizopita. Muuzaji atainua noti dhidi ya jua. Ataipapasa. Atasoma mwaka wake. Ataikunja na kuikunjua, atapitisha ukucha pembeni, atamwita kijana, kijana atamwita mwenzake. Mpasuko wa ukubwa wa punje ya mchele ukionekana, noti inarudi. Doa la wino, inarudi. Iliyozeeka, inarudi, kwa kuwa hapa pesa haipendezi ikiwa na historia. Utamwambia kwamba Wamarekani wenyewe wanaipokea. Atakuambia kwa upole kwamba Wamarekani hawako hapa. Toa nyingine, mpya, isiyowahi kukunjwa. Tahadhari: wakati yeye anakagua karatasi yako kwa macho sita, wewe umeshika chuma ambacho umekikubali kwa neno la marehemu.

Tisa, ondoka nacho. Hapa mwongozo wetu unageuka, nawe ugeuke nao. Hadi sasa umetumia nguvu zako zote kuthibitisha kwamba hili ni bomba la roketi. Kuanzia hapa hadi ufike kwako utatumia nguvu hizo hizo kuapa kwamba ni bomba la maji. Uwanja wa ndege una meza. Kila meza ina daftari, kila daftari lina mtu, kila mtu ana haki ya kuuliza ni nini hicho. Neno roketi lisikutoke. Katika nchi iliyoonja vita kwa miaka mingi, mtu anayebeba sehemu ya roketi kwenye mzigo wake haambiwi apite. Sema bomba. Sema la kisima. Sema la shamba la shemeji. Watakuuliza kwa nini mgeni asafirishe bomba la kisima lenye kutu kwa ndege, nawe utaona kwamba swali ni la haki. Hapo utakumbuka cheti chako, ambacho kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni roketi, na kina mihuri miwili. Usikitoe. Mweleze mwenye daftari kwamba ni chakavu tu. Atakujibu kwamba chakavu kina karatasi zake, na meza yake ni ile ya nyuma uliyokwishaipita. Ukiona hivyo, fikiria mtumbwi, pikipiki, au treni ikija. Tahadhari: watu wote wanaokaa kwenye meza hizo wana mjomba, na mmoja wao mjomba wake ndiye aliyekuuzia.

Kumi, ukifika nyumbani, weka kipande mahali pa wageni kukiona. Watauliza. Siku za mwanzo utawaeleza kila kitu, kwa kuwa ulijifunza: Kayser, Debus, mahandaki, mkataba, kilomita 100,000, vijiji vya Luvua, Juni 1978. Utaona macho yao yakianza kutafuta chai. Wiki ya pili utaacha mahandaki, yanaharibu karamu. Mwezi wa pili utaacha vijiji. Hakuna aliyewauliza wanakijiji wakati ule, kwa nini uanze wewe sebuleni. Utabaki na Mobutu, kwa kuwa watu wanacheka, na roketi iliyoanguka, kwa kuwa watu wanacheka zaidi. Usijilaumu. Hivyo ndivyo vitu hivi vinavyosafishwa kila mahali, kuanzia Kindu hadi kwenye minada ya New York. Kutu inabaki, kwa sababu inaongeza bei. Watu wanafutwa, kwa sababu wanaipunguza. Ukitaka kitu cha anga kisicho na doa, subiri Wakongo wenyewe: mhandisi Jean-Patrice Keka alirusha roketi zake za Troposphère kutoka Menkao, nje ya Kinshasa, na mwaka 2009 moja ilibeba panya. Nayo ilikwenda upande usiotakiwa, na panya hakuulizwa. Tahadhari: usianze kutafuta mabaki yake. Panya huyo naye atakuwa na mpwa sokoni.

Mwisho, utauza. Hilo halina mjadala. Kuna karo, kuna paa, kuna ugonjwa. Mnunuzi atakuja, mgeni mwenye dola chache na jicho la kutambua kitu halisi. Mkaribishe. Mwambie hakiuzwi. Akikuuliza ulikipata wapi, utafungua mdomo kumweleza juu ya soko, turubai na mzee wa Kindu, na utasikia jinsi maelezo hayo yalivyo dhaifu. Basi utamwambia mjomba wako alikuwa Shaba miaka ile. Atakubali. Kagua noti zake vizuri, na usimpe risiti.